Bihogo Bado Inaitika

Sifa, pamoja na ninyi nyote mliobaki katika chumba cha mashini,

Siku ile niliporudisha funguo mliniuliza swali ambalo sikulijibu. Mlisema kwamba katika faili la majina la seva kuna mstari mmoja mfupi unaoipa mashini jina la pili, Bihogo. Mmepekua kila mahali, na hakuna programu inayolitumia jina hilo siku hizi. Je, mstari ufutwe? Nilisema subirini kwanza, nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu, mkadhani mama mzee ameanza vituko. Vituko ninavyo, lakini hicho hakimo.

Sasa nina muda. Nyumba yangu ya Kasenga, hapa Uvira, ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na wageni wangu wengi ni watu waliokosea mlango. Basi nitawaandikia tangu mwanzo. Vyeo na mishahara nitaviruka: vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kwa mashini ya kupiga chapa. Shirika letu lilikuwa na kazi ile ile ya leo, kutafuta watu waliopotezana kwa sababu ya vita. Mmoja anakuja anasema nimempoteza mama, tunaandika fishi, ile kadi ya maelezo yake. Mwingine, huko mbali, anasema namtafuta mwanangu, tunaandika fishi. Kisha tunaangalia kama hao wawili wanatafutana. Siku ya kwanza nilipewa dawati lenye mguu mmoja mfupi na rundo la fishi za kunakili. Nilinakili mpaka jioni, majina tu, jina juu ya jina, na nilipofika nyumbani mume wangu alinitengea ugali na dagaa nikashindwa kumeza. Hakuna aliyenionya juu ya hilo, nami nawaonya ninyi: siku za kwanza, kuleni kabla ya kazi.

Mashini ya kwanza ya kweli ililetwa na Muhire, kutoka Bujumbura, ndani ya maboksi aliyokataa kumwachia mtu mwingine ayabebe. Alikuwa Munyamulenge wa Rurambo, kule juu milimani, wa wale wafugaji ambao lugha yao inakaribiana na Kinyarwanda, mtu mrefu aliyevaa kofia hata ofisini, na alikuwa amesomea informatiki. Kwa kuwa alinizidi umri nilimwita yaya, kama tunavyowaita kaka na dada wakubwa huku. Yeye aliniita Mapendo, jina langu. Naliandika hapa kwa sababu najua wengi wenu hamlijui.

Aliipandisha seva juu ya matofali, kwa hofu ya mto Mulongwe, ambao ukifurika haubishi hodi. Akaunganisha nyaya, akafuta vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, kisha akanigeukia.

"Mapendo, hii mashini inaomba jina. Zingine zikitaka kuiuliza kitu, zitaiita kwa jina. Tuiite nani?"

"Seva," nilisema.

"Aa! Weye, mutoto wako ulimuita Mutoto?"

Nilicheka, na naye akaandika mwenyewe: BIHOGO. Nikamuuliza ni nani huyo.

"Ni ng'ombe yangu," alisema. "Ya rangi ya kahawia, lakini kahawia ya kuiva. Baba alinipa nikingali mudogo."

Halafu akanisimulia jambo ambalo nililichukua kama mzaha wa mapumziko. Alisema mama yake hajawahi kulitaja jina lake tangu amzae. Babu yake, baba mkwe wa mama, aliitwa Gahire, na mzee huyo ndiye aliyemchagulia mjukuu jina la Muhire, karibu sawa na la kwake. Mzee alijipenda, Muhire alisema. Na kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalokaribiana nalo, hata mzee akishakufa. Basi mama, aliyeitwa Rakeli, akabaki na mtoto asiyeweza kumwita. Alimwita mwenye Bihogo. Akiwa na haraka, Bihogo tu.

"Minye na ng'ombe tulikuwa tunaitika pamoja," Muhire alisema. "Mama akiita, minye nasimama, na yeye anainua kichwa. Hakuna mwenye alijua nani anaitwa mpaka aone kama mama ameshika kijiko ao fimbo."

Alinifundisha kazi yote. Alinifundisha kunusa mazut kabla ya kuimimina katika jenereta, kwa sababu wauzaji wa hapa huongeza maji kama wauza maziwa. Alinifundisha kuondoa mijusi nyuma ya kisanduku cha umeme kwa bisibisi lake la mpini mwekundu, taratibu, mijusi wasife ndani wakanuka. Alinifundisha kwamba katika bonde letu R na L ni ndugu wasiojuana mipaka: mtu mmoja ataandikwa Rusia kwa karani wa huku na Lusia kwa karani wa kule, nao wawili hao ni yule yule mama anayelia barazani. Programu ya kutafuta aliiandika mwenyewe, na aliifundisha kutojali R na L. Wiki ya kwanza ilipofanya kazi tulimkuta dada wa watu aliyekuwa ametafutwa mpaka familia ikafanya matanga. Alikuwa anauza ndizi sokoni, si mbali na kwao.

Zaidi ya yote alinifundisha swali moja. Mashini ikigoma, wengi huuliza kama imekufa. Muhire hakulipenda swali hilo. "Uliza nani anaita," alisema, "na nani anapashwa kuitika. Katikati ya hao wawili njo kuna ugonjwa." Nimelitumia swali hilo maisha yangu yote ya kazi, na nje ya kazi pia, ingawa huko nje halijanisaidia sana.

Kisha vita ikageuka. Wengine wenu mlikuwa mgongoni mwa mama zenu, kwa hiyo nitaeleza kwa ufupi. Mji ulikuwa ukibadilisha wenye kuushika, na kila walioingia walikuwa na watu wao wa kuwachukia. Mara ile, walioingia waliwachukia watu wa Muhire. Hawakuuliza mtu amefanya nini. Walitazama urefu wake na pua yake, walisikiliza jina lake, basi.

Aliondoka asubuhi na gari letu la ofisi, amelala chini ya maturubai mpaka walipovuka mpaka wa Kavimvira kuingia Burundi. Kwangu aliacha bisibisi na maneno machache. "Bihogo usiizime kwa nguvu," alisema. Nilisimama getini mpaka gari likapotea, kisha nikaingia ndani kufuta vumbi ambalo halikuwapo.

Wengine wakafuata. Karani mkuu alikwenda Kigoma kwa mashua. Mtunza stoo alikwenda Bukavu. Mume wangu alikuwa ameshafariki, kwa homa, si kwa risasi, na watu waliona aibu kunipa pole kwa kifo cha kawaida wakati kama ule. Watoto wangu niliwakabidhi kwa dada yangu, wakapanda nao mashua ya Kigoma. Mimi nilibaki kwa kuwa nilikuwa mtu pekee aliyejua kuiwasha na kuizima seva. Nilijidanganya kwamba ni miezi michache. Nyumbani nilipika chungu kile kile kikubwa, kwa mazoea, kisha nikala peke yangu chakula cha jana na cha juzi. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, mpaka nikawa nawahi ofisini kusikia ile sauti ya seva ikizunguka. Angalau ilikuwa sauti.

Tulibaki wachache sana: mimi, mlinzi wa geti, na mkuu wetu wa ofisi, chefu Amisi, mtu wa Fizi, mpole na mwoga kwa kiasi kinachomfaa baba wa watoto wengi.

Asubuhi moja wakaja askari wa hao wapya kutazama ofisi. Walitaka kuhesabu magari. Lilikuwa moja, halina betri. Mmoja wao, aliyejua kusoma na aliyetaka tujue hilo, akaingia chumba cha mashini. Kwenye kioo cha seva, katikati, palikuwa na jina lake kwa herufi kubwa.

"Bi-ho-go," alisoma. "Hii ni jina ya nani?"

"Ya mashini, papa," nilisema.

"Mashini ya muntu gani? Hiyi luga si ya huku. Muliweka Munyarwanda ndani?"

Chefu Amisi alicheka kicheko kikavu, akasema ni jina la kiwandani, mashini zinakuja nalo, tutalibadilisha leo leo. Askari akasema watarudi kuangalia. Walipotoka, chefu alikaa juu ya boksi la karatasi akapangusa shingo.

"Mama, iite UVIRA," aliniambia. "Uvira hakuna mwenye ataikatala."

Nikabadilisha. Ni kazi ndogo, mnaijua: unaandika jina jipya, mashini inaomba kuzimwa na kuwashwa upya, unakubali. Ikawaka. Katikati ya kioo palisomeka UVIRA. Chefu akashukuru, akaenda nyumbani kuangalia watoto, kwa kuwa milio ya risasi ilikuwa imeanza upande wa Kalundu. Mimi nikafungua programu ya kutafuta ili niendelee na kazi. Ikaniambia haimpati mtu wa kujibu.

Hapo hapo fonie ikaita. Fonie ni ile redio kubwa tuliyotumia kuongea na ofisi nyingine, na kila mwenye redio kama hiyo, askari wakiwamo, aliweza kusikiliza. Kwa hiyo tulikuwa na sheria: hakuna majina ya watu, hakuna lugha ya nyumbani. Lakini sauti haifichiki. Alikuwa Muhire, anaongea kutoka ofisi yetu ya ng'ambo, Burundi.

"Niko natafuta mama muzee," alisema. "Kule juu kulichomwa. Batu beko wanashuka, lakini yeye hakuna mwenye alimuona. Weye, fishi mupya iko mu mashini?"

Fishi mpya zilikuwamo. Wiki ile ile nilikuwa nimeingiza rundo zima kutoka Runingu, kijiji cha bondeni ambako watu wa milimani walikuwa wakishukia. Nilisema ndiyo, zimo.

"Basi angalia. Ukikosa, kesho asubuhi navuka Ruzizi. Nitapanda kumutafuta minye mwenyewe."

"Usivuke," nilisema. "Njia si ya kupita muntu kama weye."

"Ni mama yangu."

Nyote mnaelewa maana yake. Katikati ya mto Ruzizi wa mpakani na vilima vya Rurambo palikuwa na vizuizi kila penye kivuli, na mtu wa sura yake asingefika hata cha pili. Alilijua hilo kuliko mimi. Nilimwomba asubiri mpaka fonie ya saa tisa. Halafu, kwa kuwa sikuwa na mwalimu mwingine, nikamwambia ukweli: seva haijibu, wageni walikuja, nimelazimika kubadilisha jina lake.

Nilitegemea akasirike. 

"Jina umebadirisha kwa inje," alisema bila hasira. "Kwa ndani haijue. Bado inangoja kuitwa ya zamani." Kisha mtu mwingine akaingia katikati na mambo ya unga, na nafasi yetu ikaisha.

Chefu hayupo, mlinzi amejifungia kibandani kwa hofu ya risasi za kupotea, na mazut ya jenereta ilikuwa chini ya kipimo. Ningeweza kuirudishia mashini jina lake la kwanza, nilifikiri hivyo. Lakini wale walisema watarudi, na aliyejua kusoma angekwenda moja kwa moja kwenye kioo. Nikakaa, nikashika bisibisi mkononi bila sababu, nikajiuliza swali la Muhire: nani anaita, na nani anapashwa kuitika?

Nikaenda hatua kwa hatua. Waya ulikuwa mahali pake, taa yake ya kijani inapepesa. Hifadhi yenyewe, yaani lile ghala la majina yote, nililikuta limewaka na ni zima, na hapo nikapumua. Kwa hiyo mwenye kuitika alikuwapo. Aliyekosekana ni wa katikati. Seva za aina ile zina programu ndogo inayokaa mlangoni kusikiliza. Wengine wakiita, yenyewe inapokea, inapeleka ndani. Muhire aliiita planton, kama yule mtumishi anayekaa mlangoni kwa wakubwa, anayekuuliza wewe ni nani kabla hujaona hata zulia. Planton wetu alikuwa ameanguka. Kila nikimwasha anazimika.

Nikafungua faili la maagizo yake. Lilikuwa fupi, na ndani yake, kwa mkono wa Muhire, aliagizwa asimame kwenye mlango wa nyumba ya Bihogo. Yeye akiangalia hii nyumba anaona imeandikwa UVIRA. Akaona si kwake, akaondoka. Siwezi kumlaumu, hata mimi mji ule sikuwa nautambua tena.

Nikaandika UVIRA katika maagizo, nikamwasha. Akasimama. Nilipiga kofi moja peke yangu. Lakini programu ya kutafuta ikanijibu vile vile, haipati mtu. Hiyo nayo ilikuwa ikiita Bihogo, na hiyo haikuwa na faili la maagizo: Muhire alilishona jina ndani kabisa alipoiandika, na yeye pekee ndiye aliyejua mahali pa kufumua.

Risasi zilikuwa zimesogea, sasa ziko upande wa soko. Nikashuka chini ya meza na kibodi juu ya mapaja, kioo nikakigeuza nikione kutoka sakafuni. Na huko chini ndiko nilikofikiria lile faili la majina. Kila mashini inalo. Ni daftari lake dogo la kujua nani anakaa wapi: upande mmoja anwani ya namba, upande wa pili jina. Hakuna sheria inayosema anwani moja iwe na jina moja. Watu wenyewe tuna la ubatizo, la nyumbani na la kutaniwa, na yote tunaitika. Nikaandika mstari mmoja: anwani ya seva ile ile, na mbele yake Bihogo.

Kwa kibodi nikaita Bihogo. Ikaitika mara moja. Kwenye kioo jina lilibaki UVIRA kama lilivyoagizwa, na kwa ndani mwenye kuita jina la zamani alipokelewa bila kuulizwa. Nililia kidogo pale chini, kwa uchovu na kwa furaha, nikafuta uso kwa kanga, nikaanza kutafuta.

Nikaandika jina la mama, Rakeli. Walikuwa wengi, wale wa milimani ni watu wa Biblia, na kila nyumba ina Rakeli wake. Wengi wao fishi zilisema tu wametoka Mulenge, kwa sababu makarani wetu milima yote waliiita Mulenge. Jenereta isingengoja nisome mmoja mmoja, nikaiambia mashini inichagulie kwa jina la anayetafutwa. Hakuna aliyemtafuta Muhire. R na L programu haikujali, basi nikajaribu herufi moja pungufu, nikajaribu Mwire. Hakuna. Jenereta ikaanza kukohoa. Nikawaza jinsi nitakavyomwambia saa tisa kwamba hayumo, na yeye atakavyosema sawa, asante, na kesho atakavyovua viatu kwenye ukingo wa Ruzizi.

Nilikuwa nataka kumtafuta Muhire tena, labda nimekosea herufi, na vidole vilikuwa tayari juu ya M. Ndipo nikakumbuka. Huyu mama hasemi jina hilo. Hakulisema akiwa na raha nyumbani kwake, hatalisema mbele ya karani wa kigeni. Anayetafutwa na Rakeli haitwi Muhire.

Kwenye nafasi ya jina la anayetafutwa nikaandika Bihogo.

Ilikuja fishi moja. Karani wetu wa Runingu, mtu wa mjini, kabila lake Mufuliiru, asiyejua habari za ng'ombe wa watu, alikuwa ameandika alivyosikia. Anayetafuta: Rakeli, mzee, macho hafifu. Anamtafuta: Bihogo. Uhusiano: mtoto. Umri wa mtoto: mtu mzima. Alama za kumtambua: mama anasema ni mrefu na anavaa kofia. Alipo mama: Runingu, kwenye darasa la kanisa, amepokewa na wanawake wa hapo.

Saa tisa nilikuwa kwenye fonie kabla ya wote. Mazut ilikuwa imebaki ya kulamba.

"Niko nasikia," Muhire alisema.

"Usivuke," nilisema. "Iko. Iko muzima. Iko mu bonde, pale tunapitaka kununuaka muchele na gari." Jina la Runingu sikulitaja, lakini alielewa.

"Unajuaje ni yeye? Bamama beko wengi."

"Anatafuta mutoto. Jina ya mutoto ameandikisha ile ya mashini."

Sauti yake ikasogea karibu na redio. 

"Jina yangu hajataja?" aliuliza.

"Hajataja."

"Njo yeye," alisema, na sauti yake ikavunjika, mbele ya kila askari mwenye redio kutoka Uvira mpaka Bukavu. "Njo mama yangu kabisa." Kisha akavunja sheria ya fonie, mtu aliyekuwa na nidhamu kuliko sisi sote. Alisema, "Mapendo. Asante, Mapendo." Jenereta ikazimika.

Askari walirudi kesho yake. Aliyejua kusoma akasoma UVIRA, akaridhika, akaomba sigara. Rakeli alivushwa baadaye na gari la wenzetu, pamoja na wagonjwa, akiwa amefunikwa shuka. Wanawake wa Runingu walimsindikiza mpaka barabarani. Niliambiwa kwamba walipokutana huko ng'ambo alimpapasa mwanawe uso mzima, kofia ikaanguka, akamwita kwa jina la ng'ombe, na makarani wa pale wakamwonea huruma kwa kudhani amechanganyikiwa.

Mimi sikuwaona. Walihamishiwa nchi ya mbali, yenye baridi, na Rakeli alizikwa huko. Mara moja, miaka mingi baadaye, Muhire alipiga simu ya ofisi. Mlikuwa bado hamjaajiriwa. Aliuliza kama mto umeshafika kwenye matofali, akauliza kama Bihogo ipo. Nilimwambia ipo. Tulicheka kidogo, halafu akaniaga kwa jina langu, kwa kuwa mambo yalikuwa mengi mno na simu ni ya ofisi. Baadaye nilisikia kwa mtu kwamba naye amefariki. Niliendelea kuingiza fishi mpaka jioni.

Seva ile ya kwanza ilikufa kwa uzee wake. Tumekuwa na nyingine baada yake, na programu ya Muhire ilishabadilishwa zamani. Kila mashini mpya ilipokuja nilinakili kwanza ule mstari, ndipo nikaendelea na mengine. Sikumwambia mtu. Watoto wangu walikulia Kigoma, wakaoa na kuolewa huko, Kiswahili chao sasa kinanicheka. Na hapa mjini mimi ni Mama Mashini: kwenu, sokoni, hata kanisani wanapotangaza wagonjwa. Ni jina la heshima, sikatai, naitika. Lakini lile lingine, la kwenye fonie, sijalisikia tangu simu ile.

Siku yangu ya mwisho, mlipokuwa mnapanga soda mezani, nilikaa mbele ya kioo nikaita Bihogo. Ikaitika mara moja, kama siku zote. Nikatazama kumbukumbu za seva kuona ni nani wengine waliowahi kuita jina hilo miaka hii yote. Alikuwa mtu mmoja tu, kila asubuhi, kutoka kwenye dawati langu.

Basi sasa mnajua. Sifa, mstari huo ni wako, ukitaka ufute. Ila kabla hujaufuta uite mara moja, usikie inavyoitika. Na ukipita Kasenga, geti langu ni la bluu. Usiite Mama Mashini. Ita Mapendo, nione kama bado naitika.